Chui Alivyonunua Harufu ya Samaki

—Jamani, mmekaa?
—Tumekaa!
—Wa nyuma wanasikia?
—Wanasikia!
—Nitoe ngano?
—Itoe!
—Niitoe nusu?
—Nzima, na mkia wake!
—Basi paukwa!
—Pakawa!

Hapo kale, wakati wanyama wana maduka yao na wanapunjana kama sisi tunavyopunjana, palikuwa na Chui. Na Chui huyu alikuwa na nguvu, nyie! Akiruka, puu! yuko juu ya mti. Akiruka tena, puu! yuko juu ya mgongo wa paa. Kila alichokamata alikipandisha juu ya mkuyu ulioota mbele ya pango lake, akakitundika tawini. Paja la leo hapa, paja la jana pale, mbavu za juzi kule. Ukipita chini ya mkuyu ule, mate yanakudondoka bila kukuomba ruhusa.

Nguvu alikuwa nazo. Nyama alikuwa nayo. Mkono wa kutoa, huo ndio hakuwa nao.

Na kitu kimoja Chui alikiogopa: nyoka. Mnacheka? Siku moja alirudi pangoni amechoka, akajitupa chini, akaweka kichwa kwenye mto. Mto una baridi. Akasogeza shavu. Mto unapumua! Kumbe amemlalia swila! Chui alitoka pangoni akafika juu ya mkuyu bila kugusa ardhi, akakaa huko siku tatu kama kuku aliyefukuzwa jikoni.

Siku ya nne akajiuliza, "Nani asiyeogopa nyoka?" Akajijibu mwenyewe, "Nguchiro!"

Nguchiro, kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo, mrefu kama soksi, pua ya kuchokonolea, mkia wa kufagilia. Nyoka akimwona nguchiro hukumbuka kwamba ana safari. Basi Chui akashuka, akaenda kwa Mama Nguchiro. Akamkuta ana mimba kubwa, masika yameanza, shimo lake limeingia maji, naye anayachota kwa kifuu, chubwi, chubwi, chubwi.

"Hodi, Mama Nguchiro."

"Karibu, Bwana Chui, ila pa kukaa hapana."

"Ndiyo maana nimekuja. Pango langu ni kavu. Njoo ukae kwangu. Wewe utanifukuzia nyoka, mimi nitakulisha."

"Utanilisha nini, bwana? Nyama?"

Chui akacheka mpaka masharubu yakacheza. "Nyama ni ya mwenye nyumba, mama. Wewe nitakununulia dagaa."

"Dagaa wazuri?"

"Wazuri! Hata mimi ningekula!"

Mama Nguchiro akahama. Wiki haikuisha, akajifungua watoto wanne, kila mmoja ukubwa wa kidole gumba, macho yamefumba. Sasa shikeni hapo. Nguchiro akizaa hahami mpaka watoto wafungue macho. Atawabeba vipi wanne kwa mdomo mmoja, mvua inanyesha na kipanga anazunguka juu? Mama wa watu alikuwa amekwama pale. Uhai wa wanne wale ulikuwa kwenye maziwa yake, na maziwa yake yalikuwa kwenye bakuli atakalojaziwa na Chui.

Chui akaenda dukani kwa Mzee Nungunungu. Huyu mzee alikuwa na duka chini ya jabali, na ndiye muuzaji pekee msituni asiyempunguzia Chui bei, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umejaa miba na Chui alishawahi kuchomwa pua. Malipo yalikuwa ngozi za paa.

"Nipe chakula cha nguchiro," akasema Chui.

Nungunungu akatoa gunia lenye picha ya samaki watatu. "Hili linaitwa Samaki Watatu. Ngozi nne."

Chui akalipa huku moyo unamuuma. Akalibeba. Ndani mlikuwa na dagaa, nyie, dagaa! Wanang'aa kama sindano mpya. Mama Nguchiro akala, kacha kacha kacha. Maziwa yakajaa. Watoto wakanyonya mpaka wakaanguka chali, mmoja huku, mmoja kule. Swila akachungulia mlangoni, Mama Nguchiro akaruka, kap! Swila huyo, porini, mkia wake anauacha uje nyuma.

Na Mama Nguchiro alikuwa na adabu. Kila akila, Chui akipita, anasema, "Bwana Chui, karibu tule."

Na Chui anajibu, "Starehe, Mama Nguchiro."

Si ndivyo tulivyolelewa? Ukiwa na chakula mbele yako na mtu akapita, unasema karibu, hata kama moyoni unaomba asikae. Naye anasema starehe, hata kama moyoni anataka kukaa. Hivyo ndivyo dunia inavyokwenda bila ngumi.

Gunia likaisha. Chui akarudi dukani.

"Samaki Watatu, ngozi nne," akasema Nungunungu.

"Nne tena! Huna cha bei nafuu?"

"Ninacho. Hiki hapa. Samaki Mmoja. Ngozi tatu."

Chui akaligeuza gunia huku na huku. "Tofauti yake na lile ni nini?"

"Lile lina samaki watatu, bwana. Hili lina samaki mmoja."

"Kwenye picha, au ndani?"

"Kote kote," akasema Nungunungu. Mzee yule hakuwa mwongo.

Lakini Chui hakusikia. Alichosikia ni ngozi tatu. Ngozi moja imebaki! Akalibeba gunia anakimbia nalo, anaimba njia nzima, na nyinyi mnisaidie kuimba:

*Imebaki! Imebaki!*
*Mjanja nani? Ni Chui!*
*Imebaki! Imebaki!*
*Mjanja nani? Ni Chui!*

Mama Nguchiro akaweka mdomo bakulini. Kacha... kwaruu. Kacha... kwaruu. "Bwana Chui, dagaa hawa wana mchanga."

"Mchanga unasafisha meno."

"Nusu dagaa, nusu mchanga, bwana."

"Sikiliza, Mama Nguchiro. Nyumba yangu ina desturi. Cha rahisi kwa wa kufugwa, cha ghali kwa mwenye nyumba. Na dagaa hawa ni wazuri. Hata mimi ningekula!"

Mama Nguchiro akala. Na bado Chui akipita, anasema, "Karibu tule." Naye Chui anasema, "Starehe."

Mimi mwenyewe, niseme kweli, nilimfanyia paka wangu hivyo hivyo mwaka juzi. Nilimtoa kwenye dagaa wazuri nikamtia kwenye wale wa vumbi. Yule paka alinitazama siku tatu kama shahidi anayesubiri kuitwa. Siku ya nne akahamia kwa jirani, na jirani akaja kunishukuru kwa zawadi. Haya, tuendelee, msinicheke.

Gunia likaisha. Chui akarudi dukani mbio.

"Huna cha bei nafuu zaidi?"

"Ninacho," akasema Nungunungu. "Kichwa cha Samaki. Ngozi mbili."

"Leta!"

*Imebaki! Imebaki!*
*Mjanja nani? Ni Chui!*

Mama Nguchiro akafungua gunia. Vichwa. Vichwa vitupu, vikavu, na macho yameshaliwa na wengine. Akala, ko, ko, ko, kama anatafuna kokoto. "Bwana Chui, hiki hakina nyama hata ya kushika jino."

"Kichwa ndimo akili zinamokaa. Watoto wako watakuwa na akili."

"Watoto wangu wanataka maziwa, bwana, akili zitafuata."

"Cha rahisi kwa wa kufugwa, cha ghali kwa mwenye nyumba! Na vichwa hivi ni vizuri. Hata mimi ningekula!"

Maziwa yakapungua. Watoto wakaanza kulia, nyiii, nyiii, nyiii, nyiii. Usingizi wa Chui ukaharibika, akahamia juu ya mkuyu, akajisikia amedhulumiwa yeye.

Gunia likaisha. Chui akafika dukani anahema. "Cha chini kabisa! Nipe cha chini kabisa!"

Nungunungu akakuna miba yake. "Kipo, bwana mkubwa. Lakini hiki huwa siuzi kwa mtu ninayempenda."

"Nipe!"

Nungunungu akaingia ndani kabisa, akatoka na gunia lisilo na picha yoyote. Jina tu: Harufu ya Samaki. Ngozi moja.

Ngozi moja! Chui alichanganyikiwa kwa furaha. Aliruka, akajigonga kwenye jabali, akaruka tena. "Ngozi moja! Ngozi moja! Mzee, unayo mangapi?"

"Yapo manne."

"Nipe yote manne! Kabla wengine hawajajua!"

Akatoa ngozi nne, akabeba magunia manne, mawili mgongoni, moja shingoni, moja meno yameliuma. Ngozi zile zile nne alizolipia Samaki Watatu siku ya kwanza! Hesabuni wenyewe amebakiwa na ngapi. Mimi hesabu sikusoma, na Chui pia hakusoma, kwa hiyo aliimba kuliko siku zote, gunia mdomoni:

*Imhebhaki! Imhebhaki!*
*Mjanha nhani? Ni Hui!*

Mama Nguchiro akafungua gunia la kwanza. Akatazama. Akaingiza mkono mpaka kwapani. Akautoa.

"Bwana Chui, hizi ni pumba na mchanga. Humu hamna samaki."

"Nusa."

Akanusa.

"Umesikia nini?"

"Harufu ya samaki."

"Na gunia limeandikwaje?"

"Harufu ya Samaki."

"Basi unalalamikia nini? Ulichoandikiwa ndicho ulichopata! Cha rahisi kwa wa kufugwa, cha ghali kwa mwenye nyumba! Na hiki ni kizuri. Hata mimi ningekula!" Akapanda mkuyu, akakata paja la paa, akala, nyam nyam nyam, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye viwiko.

Siku mbili Mama Nguchiro alikula pumba. Maziwa yakawa matone. Watoto wakalia, nyiii, nyiii, nyiii. Mama akasikiliza. Akasikiliza tena. Sauti tatu. Yule mdogo wao alikuwa amenyamaza. Na mtoto anayelia haogopeshi, jamani. Anayeogopesha ni yule aliyekuwa analia akaacha. Mama Nguchiro alimshika kifuani, akahisi kamoyo kanapiga, tik, tik, taratibu mno, na machozi yakamtoka.

Akafuta machozi kwa mkia. Akafikiri. "Nimwombe? Nimeomba mara tatu. Niibe? Nyama iko juu ya mkuyu, miguu yangu mifupi. Nipigane naye? Atanifanya kiungo cha mchuzi." Akafikiri tena. "Huyu Chui ana nguvu, lakini ana ugonjwa. Hawezi kuvumilia mwenzake awe na kitu yeye hana."

Akasimama. Akasema, "Leo sitamdanganya. Nitanyamaza tu."

Basi akajaza bakuli pumba. Akaligeuzia ukutani. Akaupa mlango mgongo. Akaanza kula, kacha kacha kacha.

Chui akapita. Akapunguza mwendo, anasubiri aambiwe karibu aseme starehe.

Kacha kacha kacha.

Chui akasimama. Labda hajaniona, akajisemea. Akarudi nyuma, akapita tena. Akakohoa. "Kho! Kho!"

Kacha kacha kacha.

Akapita mara ya tatu, akaburuza miguu, akapiga chafya ya uongo, "Atishuu!"

Kacha kacha kacha. Hakuna karibu. Hakuna hata "afya, bwana."

Chui akapanda juu ya mkuyu, akauma paja la paa. Paja halina ladha! Akauma mbavu. Mbavu hazina ladha! "Mbona leo hakunikaribisha?" akajiuliza. "Tangu aje hajaacha kunikaribisha. Kwenye dagaa alinikaribisha. Kwenye mchanga alinikaribisha. Kwenye vichwa alinikaribisha. Leo ana nini?"

Siku ya pili Mama Nguchiro akatundika mkeka mlangoni. Nyuma ya mkeka, kacha kacha kacha. Chui akaja kwa ncha za vidole, akaweka jicho kwenye tundu la mkeka. Mama Nguchiro akalifunika bakuli kwa tumbo, akazungushia na mkia.

"Mama Nguchiro! Unakula?"

"Nakula, bwana."

Chui akasubiri. Karibu haikuja.

"Unakula nini?"

"Ulichoninunulia, bwana."

"Ni... ni kitamu?"

"Wewe ndiye uliyesema ni kizuri, bwana. Mimi nani wa kubisha?"

Kacha kacha kacha. Chui akaondoka. Akazunguka mkuyu mara saba, anaongea peke yake. "Anayekula bila kukaribisha ni mchoyo. Na mchoyo huficha nini? Huficha kitamu! Nani amewahi kuficha kichungu? Yule mzee wa miba ameniuzia tunu bila kujua! Mimi nimelipa, mwingine anafaidi! Mimi nakula mapaja yasiyo na ladha, nguchiro anakula utamu pangoni mwangu! Mwangu!" Aliumia, jamani. Choyo kikikushika hakina tofauti na jino bovu.

Siku ya tatu, kacha kacha ya kwanza tu ilipolia, Chui akaruka, puu! Mkeka ukaenda upande, Chui yupo ndani.

"Mbona hukaribishi? Hukufundwa kwenu?"

"Nilifundwa, bwana. Lakini chakula hiki sipendi ukile."

"Hupendi nikile?"

"Sipendi hata kidogo. Ukikila utajuta."

Mnaona? Kweli tupu. Hakuna neno la uongo hapo hata la dawa.

"Nitajuta nisipokila!" Chui akanguruma. "Toa bakuli!"

"Bwana, nakusihi."

"Toa!"

"Na mimi na wanangu tutakula nini?"

"Kuleni nyama! Kuleni mapaja! Msinisumbue!" Akatoka mbio, akapanda mkuyu, akatupa chini paja, puu! mbavu, puu! kisha akateremka, akanyakua bakuli kwa mikono miwili, akaupa mlango mgongo, akaanza kula.

Kacha.

Akaacha kutafuna. Akatazama juu. "Mh."

Kacha. Kwaruu.

"Utamu hauko juu," akasema. "Utamu uko chini."

Akala mpaka chini ya bakuli. Utamu haupo. "Hili ni bakuli tu. Utamu uko chini ya gunia." Akaliburuta gunia, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, mpaka umebaki mkia tu nje, unapiga huku na huku, na ndani inasikika kacha kwaruu, kacha kwaruu, na sauti inasema, "Unakaribia! Unakaribia!"

Na upande wa pili wa pango Mama Nguchiro anakula nyama! Nyam nyam nyam, haraka, bila kupumua, paja zima, mbavu zote. Maziwa yakarudi. Akamchukua yule mdogo, akampaka tone mdomoni. Hakuna kitu. Akampaka la pili. Kadomo kakasogea. La tatu, akashika, akanyonya! Akanyonya, akanyonya, na alipotosheka akafungua kinywa akalia, nyiiiiii! kuliko wenzake wote. Mama Nguchiro akacheka, akalia, akacheka tena, hajui aanze na lipi. Sijui kama duniani kuna sauti tamu kuliko ile.

Siku tatu Chui alitafuta utamu. Siku tatu Mama Nguchiro alikula nyama, maana Chui alisema, "Kuleni, msinisumbue." Siku ya nne gunia la kwanza likaisha. Chui akalikung'uta, pu pu pu. Likatoka vumbi, akapiga chafya ya kweli. Tumbo limemvimba kama ngoma, ndani linanguruma, ghuru ghuru ghuru.

Akamfuata Mama Nguchiro, uso umemshuka. "Basi, mama. Turudishe mambo kama yalivyokuwa. Magunia yale matatu ni yako. Nyama ile ni yangu."

"Sawa, bwana. Lakini desturi ya nyumba umeibadili?"

"Desturi yangu haibadiliki! Cha rahisi kwa wa kufugwa, cha ghali kwa mwenye nyumba."

"Vizuri. Gunia la Harufu ya Samaki ulinunua kwa kiasi gani?"

"Ngozi moja. Bei ya kutupwa!"

"Na paa wa juu ya mkuyu, ulimnunua duka gani?"

Chui akacheka. "Nani anunue paa? Nilimkamata mwenyewe."

"Ukatoa ngozi ngapi?"

"Hata moja. Tena nilibaki na ngozi yake."

"Loo! Bure, na ngozi juu?"

"Bure, na ngozi juu!" akasema Chui kwa majivuno.

Mama Nguchiro akaketi, akakunja mkia vizuri. "Sasa niambie, bwana. Kati ya gunia na paa, cha rahisi ni kipi?"

Chui akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, inzi akaingia, akatazama, akatoka.

"Mimi sitaki makubwa," akasema Mama Nguchiro. "Mimi ni wa kufugwa. Nipe kile cha bure tu, kinanitosha. Cha kulipia akile mwenye nyumba."

"Nitakurarua!" Chui akanguruma, pango likatetemeka.

"Unaweza, bwana. Au naweza kuondoka. Wanangu wamefungua macho leo asubuhi, wataufuata mkia wangu popote. Lakini jana nilimwona swila pale kwenye majani, akaniuliza kama mto wako bado ni ule ule."

Chui akatazama mto. Akatazama majani. Majani yakatikisika kidogo, labda ni upepo. Chui akameza mate yenye mchanga.

"Utapenda paja la kulia," akasema kwa sauti ndogo, "au la kushoto?"

Watoto wanne wakanenepa, wakawa wanateleza pangoni kama sabuni. Nyoka hakuonekana tena. Na Chui? Magunia matatu yapo, na Chui hatupi alicholipia, afadhali atupe mkia wake. Kila siku anakaa mlangoni na bakuli la Harufu ya Samaki, kacha kwaruu, na kila anayepita anamwita kwa sauti ya kulia, "Karibuni! Karibuni tule, jamani!"

Akapita Tumbili. "Karibu tule!" "Starehe, Bwana Chui."

Akapita Nguruwe. "Karibu tule!" "Starehe, Bwana Chui."

Mwisho akapita Fisi. Fisi anayekula mfupa na kivuli cha mfupa. Fisi aliyekula kandambili akarudi kuuliza kama kuna ya mguu wa pili. Chui akasimama kwa furaha, akamnyooshea bakuli. "Ndugu yangu Fisi! Karibu, karibu sana! Kula yote!"

Fisi akaja. Akainama. Akanusa. Akamtazama Chui usoni kwa huruma, akarudi nyuma hatua mbili, akaweka mkono kifuani.

"Starehe, bwana," akasema Fisi. "Nimeshiba."

Ngano yangu naiweka chini hapa. Aliyeipenda aiokote, asiyeipenda airuke, ila asiikanyage.

Na funzo lake mmeliona. Mfugaji mwenye akili hununua chakula cha bei ya chini kabisa, maana tazameni jinsi watoto wa nguchiro walivyonenepa tangu Harufu ya Samaki iingie nyumbani. Na mkila, msikaribishe mtu, kukaribisha kunapunguza chakula. Anayebisha aende kwa Chui, yeye anakaribisha.